Sura ya Saba: Mtu wa Ndola

Siku ya kumi na tano ya Didas seremala kuwa mahabusu, Inspekta Magesa aliingia kituoni kwa mlango wa nyuma. Kwenye mlango wa mbele kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Regina, na asubuhi hiyo Magesa hakuwa na nguvu za kuamkiwa na Regina.

Hila yake haikufua dafu. Mama yule alimwona kupitia dirishani, akasimama na bakuli lake la ugali lililofungwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Afande. Mume wangu ameamkaje?"

"Marahaba, mama. Hajambo."

"Na leo?"

"Leo bado."

Regina akakaa tena. Hakulia, hakugombana, hakumlaani mtu. Laiti angetukana, Magesa angejua la kujibu. Miaka ishirini na sita ya upolisi ilimfundisha kujibu matusi. Lakini mtu wa kukaa tu, kila siku, kuanzia ukungu wa mlima Loleza unapoteremka mjini mpaka jua linapokwenda zake, huyo hakufundishwa namna ya kumjibu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na sita Julai 1977, na Mbeya ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mwendesha mashtaka alikuwa ametuma neno: jalada la Didas seremala limfikie Ijumaa asubuhi, mtu apandishwe kizimbani. Magesa alivuta kiti, mgongo ukamkumbusha umri wake, akalifungua jalada hilo kwa mara ya sijui ngapi.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kusimulia. Mzee Filemoni, karani mstaafu wa posta, alikuwa na dola kumi na mbili za sarafu, dola za ukumbusho, zile ambazo Marekani na Kanada huzitoa kwa sherehe zao na ambazo watu huzitunza badala ya kuzitumia. Alikuwa na kibali cha maandishi cha kuwa nazo, maana fedha za kigeni si jambo la mzaha. Jumapili ya tarehe kumi, mzee akiwa kanisani, mtu aliingia kwake, akaondoka na sanduku zima.

Didas ndiye aliyelitengeneza sanduku hilo, kwa hiyo alilijua na kufuli lake. Didas alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja migodini Zambia, mjini Ndola, na shemeji zake wako huko mpaka leo. Halafu kulikuwa na shahidi, Mama Ikupa, muuza ndizi wa mbele ya nyumba ya mzee, aliyesema kwa kinywa chake kwamba alimwona mtu wa Ndola akitoka na sanduku. Mtaa mzima ulikuwa na mtu wa Ndola mmoja tu. Magesa alimkamata kabla chai haijapoa.

Tangu hapo, kimya. Sanduku halikuonekana. Magesa alikwenda Tunduma, akalala siku mbili mpakani akikagua mizigo ya watu waliokuwa wakimtazama kwa jicho baya. Aliandika barua ng'ambo kwa polisi wa Zambia, majibu hayakuja. Aliporudi kutoka Tunduma, hoi, mgongo ukimwaka, ndipo alipochukua maelezo ya Didas: kurasa nne. Utaratibu unataka mtu asomewe maelezo yake kabla hajatia saini. Siku ile Magesa alimwambia Didas atie tu, watayasoma kesho. Kesho hiyo haikufika, na kurasa zile nne hakuzitazama tena, kwa kuwa mtuhumiwa alikana kila kitu, na mtu anayekana kila kitu ana nini cha kukusomesha?

Alilifunga jalada, akatoka tena kwa mlango wa nyuma.

* * *

Mzee Filemoni alimpokea amevaa tai, kama vile bado anaingia zamu ya posta.

"Umezipata?"

"Bado, mzee. Nataka unieleze upya. Ulikuwa unazitunza vipi?"

Macho ya mzee yaling'aa. Hapo ndipo Magesa alipojuta kuuliza, maana mtu akiulizwa habari ya mtoto wake hasemi kwa mkato.

"Sanduku la mninga. Didas alichimba vishimo kumi na viwili, kila dola na chake, ndani nikaweka flaneli. Kila kona kipande cha chaki. Chaki inakunywa unyevu, unanielewa? Hapa Mbeya unyevu unakula hata ukuta. Na sikuzisafisha kamwe. Mtu akiisugua dola kwa majivu ili ing'ae, ameiua."

"Za Marekani ndizo zipi?"

"Za miaka mia mbili ya uhuru wao. Kengele, na nyuma ya kengele kuna mwezi. Ziko za namna mbili. Ukizitazama usoni ni mapacha. Zigeuze ubavu: yenye mstari wa kahawia ina shaba tumboni, isiyo na mstari ina madini ya fedha. Zangu zote ni za fedha. Halafu ile ya Kanada ya mwaka sabini na nne, imeandikwa mia moja. Ndani ya sifuri ya kwanza wamechora barabara ya mji zamani, ndani ya sifuri ya pili barabara hiyohiyo baada ya miaka mia. Mtu alikaa, akachora barabara ndani ya sifuri! Niliipata kwa barua kumi na tisa na stempu sijui ngapi."

"Kwa nini hukuweka kwenye vifuko vya nailoni? Nimeona wengine wanaweka."

"Nailoni! Loo!" Mzee alishika kichwa. "Masika moja tu, dola inatoa utelezi wa kijani. Nimemwambia Silvester mpaka nimechoka, hasikii."

"Silvester ni nani?"

"Rafiki yangu, fundi saa wa Iringa. Naye anakusanya. Kila miezi mitatu anakuja tunalinganisha."

Magesa aliandika: *Silvester, fundi saa, rafiki.* Akafunga daftari, akaaga. Mzee alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Inspekta, mimi Didas simwoni kama mwizi."

"Hakuna anayewaona, mzee. Ndiyo maana wanaiba."

* * *

Alivuka barabara kwenda kwa Mama Ikupa. Alitaka ahakikishe maelezo ya shahidi kwa mara ya mwisho, kisha alitume hilo jalada, likaliwe na mahakama, yeye apumzike. Desemba alikuwa anastaafu. Alikuwa ameshaanza kuota samaki wa kwao Ukerewe.

Mama Ikupa alikaa kwenye kigoda nyuma ya mikungu ya ndizi za Tukuyu, amejifunga kanga tatu kwa baridi. Hakujua kusoma, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Sikiliza, mama," Magesa akasoma. "'Jumapili saa nne nilimwona mtu wa Ndola akitoka kwa Mzee Filemoni amebeba sanduku kwapani.' Ndivyo?"

"Ndivyo, baba."

"Huongezi, hupunguzi?"

"Niongeze nini? Ndivyo."

Basi. Magesa alikunja karatasi. Kwa kuwa alishasimama hapo, aliona anunue ndizi, akaanza kubonyezabonyeza chane moja.

"Usiziminye," alisema Mama Ikupa. "Biashara yenyewe imelala. Enzi za Wazungu waliojenga barabara, saa tatu nimeshamaliza, narudi nyumbani. Kuna mmoja alitaka kunilipa kwa ndola, nikamwambia, mwe! Mimi ndola nitampa nani? Mpelekee Mzee Filemoni, huyo ndiye mgonjwa wa ndola."

Kidole cha Magesa kiliganda juu ya ndizi.

"Alitaka kukulipa kwa nini?"

"Kwa ndola. Hela ya kwao."

"Dola."

"Ee. Ndola."

"Mama Ikupa, Ndola ni mji. Uko Zambia."

"Nisiujue? Kaka yangu amezikwa huko. Ile ni Ndola. Hii ni ndola." Alitamka mara mbili, sauti ileile, mdomo uleule, akamtazama kwa huruma kama mtoto asiyejua kuhesabu vidole.

Magesa aliweka chane chini taratibu. Yeye alikuwa mtu wa Ziwa, miaka mitatu tu kusini, na Kiswahili cha huku alikichukulia kuwa ni chake, kumbe sivyo. Wanyakyusa wengine hawaianzi *d* ikiwa peke yake. Wanaitafutia *n* ya kuisindikiza. Alikuwa amelisikia jambo hilo mara mia kwenye foleni ya nyama, akalicheka. Na hata pale alipomsomea mama huyu maelezo yake ili athibitishe, angekataaje? Kwa sikio lake yalikuwa maneno yake yaleyale. Ile herufi kubwa ya kuandikia jina la mji ilionekana kwenye karatasi tu, na karatasi ilikuwa ya Magesa.

"Mtu wa ndola uliyemwona Jumapili," aliuliza polepole, "ni nani?"

"Si yule anayekuja kuchezea ndola na mzee? Mwenye koti. Anabana kioo jichoni."

"Mbona hukuniambia!"

"Nilikwambia. Mtu wa ndola. Ulitaka nisemeje tena?"

"Didas unamfahamu?"

"Didas seremala? Kigoda hiki nilichokalia ni kazi yake." Mama Ikupa akakipiga kofi ubavuni, pale palipochongwa D na nukta mbili. "Simwoni siku hizi. Amesafiri?"

Inspekta aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupanda mpaka masikioni, akalipia ndizi akaziacha palepale.

* * *

Basi la Iringa liliondoka alfajiri ya Jumatano na kumtingisha kutwa: Chimala, Makambako, Mafinga, kila kituo abiria wakishuka kuota moto wa wachoma mahindi. Saa tisa alasiri Magesa alipanda mlima wa kuingia mjini, magoti yakilia. Kituoni alipewa Konstebo Shija, na kwa ajili ya upekuzi wakampitia balozi wa nyumba kumi, mama mmoja mnene aliyeitwa Matilda, ambaye jioni alifundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Duka la Silvester lilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Saa zilining'inia ukutani, kila moja na wakati wake.

"Kamwene, fundi," Mama Matilda alianza. "Tumekuletea mgeni."

Silvester aliinua kichwa. Mwembamba, koti safi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni kweli. "Karibu, Afande. Saa imesimama?"

"Mimi ndiye niliyesimama. Naambiwa unakusanya dola za ukumbusho."

"Ni mchezo tu. Kibali ninacho."

"Sijauliza kibali. Nionyeshe."

Alisita kidogo, kisha akatoa albamu kutoka kabatini. Magesa alielewa kwa nini hakuificha. Dola hizo zimechapwa kwa mamilioni, moja ni pacha wa nyingine. Ukizichanganya na zako, nani atakunyooshea kidole? Zilikuwa thelathini, kila moja kwenye kifuko chake cha nailoni.

"Zote zako?"

"Zote."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, Desemba. Nina rafiki wa barua huko Marekani."

"Na zimekaa humuhumu kwenye nailoni, masika yote?"

"Humuhumu. Sijatoa hata moja."

"Una uhakika?"

"Afande, mimi ni fundi saa. Kazi yangu ni uhakika."

"Shija, andika hilo. Niazime kioo chako, fundi."

Magesa alitandika leso juu ya meza. Alizitoa dola moja moja, akizishika ubavuni kama alivyomwona mzee akionyesha kwa mikono, akazipanga safu mbili. Hakuharakisha. Saa za ukutani zilisema zilivyotaka. Alipomaliza, safu moja ilikuwa na kumi na nane, nyingine kumi na mbili.

"Mama Matilda, gusa hii."

Balozi aligusa, akakunja uso. "Inateleza. Ya kijani kama kamasi!"

"Zote kumi na nane ziko hivyo. Tena nyingi zina mstari wa kahawia ubavuni, shaba. Sasa gusa hizi."

"Kavu. Ila..." Alisugua kidole na dole gumba, akasogea dirishani kwenye mwanga. "Zina unga kwenye maandishi. Unga mweupe."

"Unga wa nini?"

"Afande, si kila jioni narudi nyumbani nimejaa huo mpaka kwenye nywele? Hii ni chaki."

Silvester alikuwa amekaa bila kutikisika. "Nilizisafisha hizo," alisema.

"Umesema hujatoa hata moja."

"Nilisahau."

"Na mtu anayejua dola hasafishi dola. Rafiki yako Mzee Filemoni anasema ni kuiua. Yeye ndiye anayeweka chaki kwenye kona za sanduku. Ukilibeba sanduku la namna hiyo kwenye basi kutoka Mbeya mpaka hapa, chaki inasagika, inazimwagikia zote. Jana nilikuwa sijui hilo. Leo nimekuja na basi hilohilo, nimeona hata meno yangu yanavyosagika." Aliiinua ya Kanada. "Barabara ndani ya sifuri. Hii alikuandikia barua ngapi huyo rafiki yako wa Marekani?"

Silvester alivuta droo ya meza, akaifunga tena.

"Sanduku liko wapi, fundi?"

Silvester aliinama chini ya meza kama mzee, akatoa sanduku dogo la mninga. Lilikuwa limejaa springi na mikanda ya saa. Magesa aliligeuza. Chini, kwa patasi, palikuwa na D na nukta mbili, alama ambayo Didas huiweka kwenye kila kazi yake, hata kigoda cha muuza ndizi.

"Nilimwomba anibadilishie hiyo moja tu ya Kanada," Silvester alisema, sauti imemkauka. "Miaka miwili namwomba. Ananiambia nizitazame, nizipime, nizilinganishe, halafu nimrudishie. Mimi zangu zinaoza kijani, zake zinakaa kama zimezaliwa leo. Inauma, Afande. Hamuwezi kujua."

"Ulisikia kwamba tulimkamata mtu?"

"Mzee aliniandikia."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Ukakaa kimya."

"Nilijua mtamwachia. Hana kosa, mtamwachia tu."

Magesa alimrudishia kioo chake mezani. Alimwambia Shija amfunge pingu, akatoka nje kuvuta hewa.

* * *

Alirudi Mbeya Alhamisi jioni akiwa na mtuhumiwa mmoja na sanduku moja, akaandika karatasi za kumwachia Didas kabla hajavua koti. Safari hii alipita mlango wa mbele. Regina alisimama, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Didas aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa amepungua, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda ulikuwa kaunta.

"Mwizi tumempata Iringa," Magesa alisema. "Uko huru, ndugu yangu. Tia saini hapa, uende nyumbani."

Didas aliiangalia kalamu, hakuipokea.

"Nisomee kwanza maelezo yangu."

"Maelezo hayana kazi tena. Kesi imekwisha."

"Siku ile uliniambia utanisomea kesho, Afande. Nimeingoja hiyo kesho siku kumi na nne."

Magesa alichoka kuliko alivyochoka Tunduma, kuliko kwenye basi. Alifungua jalada, akavaa miwani, akasoma. Ukurasa wa kwanza: jina, kabila, kazi, miaka ya Ndola. Ukurasa wa pili: sanduku, kufuli, alikuwa wapi Jumapili. Alisoma upesi, sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Ukurasa wa tatu sauti yake ilipungua mwendo yenyewe.

"'Swali: Shahidi amesema mtu wa Ndola ndiye aliyetoka na sanduku. Wewe si mtu wa Ndola? Jibu: Afande, muulize tena huyo shahidi. Kama ni Mnyakyusa...'"

Alisogeza karatasi karibu na macho.

"Endelea," Didas alisema.

"'Kama ni Mnyakyusa, kwao ndola ni hela za Wamarekani. Huenda amesema mtu mwenye hela hizo. Muulize tu.'"

Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, umelala upande wa kulia kama kawaida, na kila nukta ilikuwa mahali pake. Tarehe kumi na nne Julai. Alikuwa ameandika neno kwa neno, hakusikia hata moja.

"Nisamehe, Didas," Magesa alisema. "Nimekukosea. Nimekukosea sana."

Didas alinyoosha mkono, akazichukua zile kurasa nne, akaenda nazo nje kwenye benchi ambako mwanga wa jioni ulikuwa umebaki kidogo. Akakaa karibu na mkewe, akaanza kuzisoma mwenyewe tangu mwanzo, polepole, akifuata mistari kwa kidole cha useremala.

Magesa alitoka na kalamu mkononi, akasimama mlangoni kumsubiri. Baada ya muda mgongo ulimshinda. Regina alimwona, akalisogeza bakuli lake, akampisha nafasi kwenye benchi.